Hewa Inayoingia kwa Njia za Panya

Msikilizaji wangu, lita moja ya petroli haiungui peke yake. Inataka hewa, tena si hewa kidogo: zaidi ya lita 9,000. Ukipima kwa uzito, kila kilo moja ya petroli hutaka kilo 14.7 za hewa ndipo iungue vizuri, isibaki petroli wala isibaki oksijeni. Bei ya petroli tunaijua wote. EWURA, wale wadhibiti wa nishati wa Tanzania, wakiitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, hadi asiye na gari anailalamikia. Hewa ni ya bure, basi hakuna anayeiulizia. Lakini ukiifungua injini ya kisasa utakuta vifaa vingi sana vimewekwa kwa kazi moja tu, kuihesabu hiyo hewa ya bure, na hesabu ikivurugika kidogo ndipo inapowaka ile taa ya njano kwenye dashibodi, yenye mchoro wa injini. Cheki injini.

Wenye magari mnajua mambo yake. Taa inawaka, gari linaendelea kutembea. Pengine linatetemeka kidogo kwenye foleni, pengine linasitasita ukitaka kuondoka kwenye mataa, pengine halionyeshi dalili yoyote. Unapita gereji, kijana anachomeka kifaa chini ya usukani, anasoma namba, anatoa hukumu papo hapo: "Sensa ya oksijeni imekufa." Kama uko Dar es Salaam unakwenda Gerezani au Ilala, kama uko Nairobi unashuka Kirinyaga Road, unarudi na sensa mkononi. Inafungwa, taa inazimwa kwa kifaa kilekile, mnaagana kwa furaha. Siku chache baadaye taa imewaka tena, na namba ni ileile.

Mimi nasema kile kifaa kinasingiziwa. Hakikutaja kipuri chochote kilichokufa. Kilichofanya ni kusoma maneno ya kompyuta ya gari, na kompyuta ilisema imeona jambo fulani, basi. Kutoka "nimeona jambo hili" mpaka "badilisha kitu kile" kuna kazi ya saa nzima au zaidi, na hiyo ndiyo kazi ya ufundi. Sisi wenye magari hatupendi kuilipia hiyo saa. Tunapenda kulipia kitu kinachoshikika, kilichomo ndani ya boksi.

Taa hii haikuwekwa kwa ajili ya kumhurumia mwenye gari. Asili yake ni moshi wa California. Jiji la Los Angeles lilikuwa likifunikwa na ukungu unaochoma macho, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit akaonyesha kwamba ukungu ule hutengenezwa na jua likipiga gesi za magari na viwanda. Kanuni zikafuata, zikakazwa mwaka hadi mwaka. Kuanzia magari ya mwaka 1988 California ilitaka gari lijikague lenyewe. Kuanzia ya mwaka 1996 Marekani nzima ikataka mfumo mmoja uitwao OBD-II, wenye soketi ya pini 16 na misimbo inayofanana kwa magari yote. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Soketi hiyohiyo ndiyo utakayoikuta chini ya usukani wa magari mengi ya Japani tunayoyaagiza. Kwa hiyo taa inaangalia kwanza kinachotoka kwenye bomba la moshi. Ndiyo maana gari linaweza kukuridhisha kabisa wewe dereva, na bado taa ikawaka.

Sasa tuingie kwenye hewa yenyewe. Inaingia kupitia boksi la chujio, inapita kwenye sensa ya hewa, ile ambayo mafundi wengi wanaiita eafloo, inafuata mpira mnene wenye mikunjo mpaka kwenye throto, yaani mlango unaofunguka ukikanyaga mafuta, halafu inaingia kwenye manifoldi na kugawanywa kwa kila silinda. Ndani ya eafloo kuna kiwaya chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza, na kompyuta inaongeza umeme ili joto lake lisishuke. Kwa kuangalia ni umeme kiasi gani umehitajika, inajua ni gramu ngapi za hewa zimepita kwa sekunde. Injini ya lita 1.5, kama zile za Toyota zilizojaa barabarani kwetu, ikiwa imepata moto na imesimama bila kukanyagwa, inavuta gramu 2 hivi kwa sekunde. Kompyuta inachukua gramu hizo 2, inagawanya, inaamuru noseli zinyunyize petroli kwa kipimo hicho.

Na kama kuna hewa imeingia baada ya eafloo? Mpira umepasuka, gasketi imekauka, kipaipu kimechomoka. Hewa hiyo imepita njia za panya, haikuandikishwa mpakani. Kompyuta imepika kwa unga ilioupima, kumbe nyuma yake mtoto ameongeza kiganja kingine. Haijui mpaka iguse donge. Anayeligusa donge ni sensa ya oksijeni, iliyofungwa kwenye bomba la moshi. Inanusa moshi na kukuta oksijeni imebaki, wakati ilitakiwa iwe imeisha. Inapeleka taarifa: mafuta ni machache kuliko hewa. Kompyuta inaongeza mafuta, inaongeza tena, na ikifika mahali imeongeza kupita kiasi ilichowekewa, mara nyingi karibu robo nzima juu ya hesabu ya kawaida, inaandika P0171 na kuwasha taa. Maana ya P0171 ni hiyo tu: mchanganyiko upande wa kwanza una mafuta pungufu. Haisemi kwa nini.

Hebu fikirieni basi. Aliyetoa taarifa ni sensa ya oksijeni, na mara nyingi ametoa taarifa ya kweli. Na ndiye huyo tunayemng'oa! Tunamtupa, tunamleta mwenzake mpya, naye baada ya siku chache anatoa taarifa ileile. Simaanishi kwamba sensa hizo hazifi. Zinakufa, hasa gari likila oili kwa muda mrefu. Lakini sensa mbovu ina misimbo yake, na ina namna ya kupimwa. Kuibadilisha kwa sababu imesema ukweli ni dhuluma kwa mfuko wako.

Kuna jambo linaniudhi zaidi ya hilo. Kijana anachomeka kifaa, na kabla hajaandika chochote anabonyeza kufuta. "Tuone kama itarudi," anasema. Siku msimbo ulipoandikwa, kompyuta ilipiga na picha ya dakika ile: injini ilikuwa ikizunguka mara ngapi kwa dakika, maji yalikuwa na joto gani, gari lilikuwa mwendo gani, lilikuwa limebebeshwa mzigo kiasi gani. Kwenye mashine inaandikwa freeze frame. Picha hiyo ina thamani kuliko msimbo wenyewe. Ikionyesha kosa lilitokea gari limesimama kwenye foleni, unatafuta kitu kimoja. Ikionyesha lilitokea gari likipanda mlima kwa kasi, unatafuta kitu kingine kabisa. Ukifuta msimbo umeifuta na picha, na anayechomoa terminali ya betri ili taa izimike amefanya hivyohivyo, tena na redio imepoteza stesheni zake. Mwambie fundi: kaka, kabla hujafuta, piga picha hiyo skrini kwa simu yako. Ni ombi dogo na halina gharama.

Nilikaa asubuhi moja kwenye gereji ya uani, karakana ya mabati yenye mwarobaini mbele yake, nikimtazama fundi ninayemheshimu akifanya kazi hii. Aliletewa gari dogo la lita 1.5 na dereva wa teksi za mtandaoni. Msimbo P0171, gari linatetemeka kwenye mataa, na abiria wameanza kulalamika.

"Fundi, sensa ya oksijeni ni mpya, risiti hii hapa. Plagi mpya. Sijui nibadilishe nini tena."

"Usibadilishe kitu, bosi wangu. Washa gari, halafu toa mguu kwenye mafuta."

Akachomeka mashine yake, wala si ya bei mbaya, akaacha ukurasa wa misimbo na kufungua ukurasa wa namba zinazotembea. Humo kuna namba mbili ambazo mwenye gari akizijua hadanganyiki kirahisi. Moja ni marekebisho ya mafuta ya muda mfupi, inayopanda na kushuka kila sekunde. Nyingine ni ya muda mrefu, ambayo kompyuta imejifunza taratibu na kuiweka kumbukumbuni. Kwenye mashine utaziona kama STFT na LTFT, kwa asilimia. Zikiwa zinachezea karibu na sifuri, hesabu ya hewa na mafuta iko sawa. Zikiwa juu ya sifuri, kompyuta inaongeza mafuta. Zikiwa chini, inapunguza. Gari likiwa limesimama, ya muda mfupi ilisoma 7, ya muda mrefu 19. Zijumlishe: 26. Kompyuta ilikuwa ikimwaga robo ya mafuta zaidi ya ilivyotarajia.

Fundi hakusema kitu. Akamwambia dereva akanyage taratibu mpaka mizunguko 2,500 na asiachie. Tukaangalia namba zikitelemka, 20, 15, 11, zikatulia kwenye 8 hivi. Akanigeukia, akacheka kidogo, akasema: "Umeona? Huyu anavuta hewa nyuma ya throto."

Amejuaje? Kwa hesabu ya darasa la tano. Tuseme kuna ufa unaoingiza nusu gramu ya hewa kwa sekunde. Injini ikiwa imesimama inavuta gramu 2 zilizopimwa, hivyo nusu gramu ya njia za panya ni robo nzima, asilimia 25. Ukikanyaga mpaka 2,500 bila mzigo, injini inavuta gramu 7 hivi, na ufa ni uleule, unaingiza nusu gramu ileile. Nusu kwa 7 ni asilimia 7. Tundu halikupungua, mto mkubwa umelimeza. Kwa hiyo marekebisho yakiwa makubwa gari limesimama na yakashuka ukikanyaga, kimbilia manifoldi na mipira yake. Yakiwa madogo gari limesimama na yakazidi kupanda kadiri unavyokanyaga na kupakia mzigo, achana na ufa. Hapo ama eafloo ni chafu na inapima pungufu, ama mafuta hayafiki ya kutosha, pampu imechoka au filta yake imeziba. Dakika moja ya kuangalia namba mbili, na nusu ya maduka ya Gerezani umeshayaondoa kwenye orodha.

Akafungua boneti. Alichukua koleo, akalifunga kitambaa ili lisikate mpira, akaanza kubana paipu moja moja huku akisikiliza. Akabana ule mpira unaokwenda kwenye busta ya breki: hakuna kilichobadilika. Akabana kipaipu kinachotoka kwenye kivalvu cha kupumulia injini, PCV, kinachorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi ukachomwe. Muungurumo ukabadilika palepale, ukatulia kidogo, na kwenye skrini namba ya muda mfupi ikazama. Alipokichomoa tulikuta kimelainika kama kilichochemshwa, kimevimba kwa oili, na kwa chini, pale pinda linapogusa chuma, kuna ufa wa urefu wa ukucha. Kwa juu kilikuwa kizima kabisa. Ungeinama juu ya injini ile mpaka jioni usingeuona.

Dereva akashika kile kipaipu, akakigeuza, akauliza ni shilingi ngapi. Alipoambiwa, akanyamaza. Nadhani alikuwa akijumlisha sensa na plagi.

Hapa nitie neno la tahadhari kuhusu kipaipu mbadala. Wapo wanaokata mpira wa maji, au wa jiko la gesi, wakaufunga hapo. Mpira huo haukutengenezwa kwa oili ya moto wala kwa kufyonzwa. Unalainika, unanywea ukigandana kuta kwa kuta, na gari linarudi na ugonjwa mwingine. Omba mpira unaostahimili oili, wenye pinda lilelile la asili.

Si kila ufa hupatikana kwa koleo. Gasketi ya manifoldi, hasa kwenye injini zenye manifoldi ya plastiki, huwa ya mpira, na mpira ukizeeka unakuwa mgumu. Asubuhi injini ikiwa baridi inavuta hewa, gari linatetemeka. Ikishapata moto vitu vinatanuka, mwanya unaziba, na ukifika gereji saa nne gari ni zima. Fundi anakuona mwongo. Gari la namna hiyo lilaze gerejini, liwashwe mbele yake alfajiri. Kwa ufa wa gasketi wengine hupulizia maji ya sabuni kwenye maungio na kusikiliza mlio ukibadilika. Wengine, na hawa ndio wengi, hupulizia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, sikatai: dawa ikifyonzwa mlio unabadilika na umeshajua tundu liko wapi. Lakini dawa ile inawaka kama petroli, na pembeni tu kuna bomba la moshi lililo moto. Kama fundi wako anapulizia hivyo, angalau muulize mtungi wa kuzimia moto uko wapi.

Njia safi ni moshi. Mashine inaingiza moshi mzito kwenye njia ya hewa injini ikiwa imezimwa, na mahali penye ufa unauona ukifuka. Mafundi wetu wengine wameitengeneza wenyewe: kopo, mafuta ya kujipaka ya watoto, kifaa cha kupasha moto, na hewa kidogo ya kusukuma. Nawavulia kofia. Ila presha iwe ndogo mno, kama ya mdomo wa mtu. Ukiunganisha kompresa ya kujazia matairi bila kuipunguza, utatengeneza nyufa mpya.

Kuna magari ambayo habari yake ni tofauti, na hapa mafundi wazuri nao huchanganyikiwa. Si kila injini ina eafloo. Magari mengi ya Honda na Toyota za zamani kidogo hutumia sensa ya MAP, inayopima presha ndani ya manifoldi, kisha kompyuta inakokotoa hewa kutokana na presha hiyo. Ufa ukitokea nyuma ya throto kwenye gari hilo, presha ndani inapanda, sensa inaiona, kompyuta inaongeza mafuta kihalali kabisa. Hesabu haipotei. Badala ya kutetemeka, injini inazunguka kwa kasi kubwa hata ukitoa mguu. Mafundi wanasema sailensi iko juu. Tundu lilelile, kilio kingine. Anayetafuta P0171 kwenye gari hilo atangoja sana. Kinachoandikwa huwa P0507, kwamba mzunguko wa kusimama uko juu kuliko ulioagizwa.

Sensa hii ya MAP ina jaribio moja ninalolipenda kwa urahisi wake. Washa switchi bila kuwasha injini, soma presha. Injini haijavuta chochote, kwa hiyo sensa inapaswa kusoma presha ya hewa ya mji ulipo. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, usawa wa bahari, itasoma kilopaskali 100 au 101. Nairobi, karibu mita 1,800 juu, itasoma 82 au 83 hivi, na Mbeya haiko mbali na hapo. Nimesikia watu wakibadilishiwa sensa Nairobi kwa sababu fundi alisoma kwenye mtandao kwamba lazima ifike 100! Ingefika 100 pale Nairobi ndipo ningekuwa na wasiwasi nayo. Na kwa wanaosafiri kutoka pwani kwenda bara wakadhani taa imewaka kwa sababu ya mlima: hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya sita au zaidi kidogo, ni kweli, na gari litapungua nguvu, ni kweli pia, lakini kompyuta inaijua hewa hiyo na kupunguza mafuta sawasawa. Mlima peke yake hauwashi taa. Mlima unafichua pampu iliyochoka.

Turudi kwenye eafloo chafu, maana barabara zetu za vumbi zina mchango wake. Kile kiwaya kikifunikwa na vumbi lililochanganyika na mafuta, hewa haikipozi vizuri, kinahesabu pungufu. Vumbi hilo limepitaje kwenye chujio? Mara nyingi tumelipitisha wenyewe. Gari likienda kuoshwa, kijana anatoa chujio la karatasi, analipuliza kwa kompresa kwa nguvu zote, linatoka limependeza. Kumbe karatasi imetoboka vitundu usivyoviona kwa macho. Au analirudisha akaacha klipu moja ya boksi haijafungwa, na hewa ikapita pembeni bila kuchujwa. Vyujio vinavyopakwa mafuta navyo, vile vya kujionyesha kwa wapenda mbio, vikipakwa kupita kiasi mafuta yanatua kwenye waya. Eafloo husafishwa kwa dawa yake maalumu, inayokauka yenyewe bila kuacha utando. Usiiguse kwa kitambaa, usiisugue kwa mswaki, usiipige kwa upepo wa kompresa. Nimeiona ikisuguliwa kwa pamba ya masikio. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni anashukuru.

Ule mpira mnene wenye mikunjo nao una ujanja wake. Unapasuka ndani ya mkunjo, na injini ikiwa imetulia mkunjo unabana, ufa umejifunga. Ukiingiza gia na kukanyaga, injini inainamia upande mmoja, zaidi kama mauntingi zimekwisha, mkunjo unafunguka na hewa inamiminika. Gerejini gari linapimwa limesimama, halina kosa. Barabarani lina kosa. Ukishuku hivyo, mpira ufunguliwe, ukunjwe kwa mkono chini ya jua, mkunjo kwa mkunjo.

Na sensa ya oksijeni nayo, pamoja na kumtetea kwangu, inaweza kupotoshwa. Bomba la moshi likiwa na ufa mbele yake, hewa ya nje inanyonywa ndani na sensa inadhani ni oksijeni ya silinda. Silinda moja ikiwa haichomi, ikimisi kwa sababu ya koili au plagi, hewa yake yote inatoka mbichi, na sensa inalia mafuta pungufu wakati petroli inamwagika. Ndiyo maana msimbo wa P0171 ukiandamana na ule wa kumisi, anza na kumisi. Na taa ikianza kupepesa, si kuwaka tu, punguza mwendo na uegeshe mara upatapo nafasi. Inakwambia petroli isiyoungua inafika kwenye masega, yale ya kusafishia moshi ndani ya bomba lake, inaungulia huko, na masega yanayeyuka. Bei ya masega mnaijua. Ndiyo maana wezi nao wanayatafuta.

Kuhusu kusafisha throto, ambako siku hizi kumekuwa dawa ya kila ugonjwa: ni jambo jema likifanywa kwa sababu. Lakini throto za umeme zimejifunza uchafu wao. Ukiisafisha, mlango uleule unapitisha hewa zaidi, na kompyuta bado inatumia hesabu za zamani. Mlio unapanda na kushuka, mwenye gari anadhani ameharibiwa. Yapo magari, Nissan hasa, yanayotaka kufundishwa upya kwa utaratibu maalumu. Fundi asiyeujua huo utaratibu asiiguse. Na asisukume ule mlango kwa kidole switchi ikiwa imewashwa. Mota yake haina huruma na vidole.

Baada ya matengenezo, si lazima taa ifutwe. Kosa likiisha kweli, kompyuta ikijikagua safari tatu mfululizo bila kuliona, taa inazimika yenyewe, na msimbo unafutika baadaye. Mimi napenda izimike yenyewe. Ukiwa na haraka ifute, lakini rudi baada ya wiki uangalie yale marekebisho ya muda mrefu. Yakiwa yametulia ndani ya 5 au 6, juu au chini ya sifuri, kazi imekwisha. Yakiwa yameanza kupanda tena, taa itawaka. Ni suala la siku tu.

Nimalizie na wanaonunua gari kwa mtu. Geuza switchi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini lazima iwake. Isipowaka kuna mtu amechomoa balbu au ameikata, na ana sababu zake. Kisha chomeka kifaa, usiangalie misimbo tu; fungua ukurasa unaoonyesha kama gari limekamilisha ukaguzi wake wa ndani. Ukikuta karibu kila kitu kimeandikwa hakijakamilika, kumbukumbu imefutwa si zamani, pengine jana usiku ulipopiga simu kwamba unakuja. Mwambie muuzaji kwa upole kwamba utaliendesha siku mbili tatu kabla ya kulipa. Akikataa, mwachie gari lake.